Binti anayechora muziki: tumsaidieje?

 

Juma hili tunawaandikia juu ya jambo lililotuweka kikaoni mpaka jua likazama. Binti wa mwenzetu mmoja anasoma kuchora katika chuo cha sanaa huko Lubumbashi. Mafunzo yake si ya picha za kutundika ukutani tu. Anajifunza michoro inayokwenda pamoja na maneno: ile ya vitabu vya watoto, ya magazeti, na ya mabango yanayobandikwa kwenye kituo cha afya. Amerudi nyumbani kwa likizo. Zamu ya mama yake katika likelemba imefika, na binti ameomba fedha hizo zinunue tabuleti ya kuchorea. Mama yake alikuwa amezipangia mashini ya kushona.

Kuna na jambo la pili. Huyu binti hawezi kusikia muziki unapigwa mahali akakaa nyumbani. Korali ikifanya mazoezi, yupo. Orkestra ikija kutoka Kindu, yupo. Kwenye kilio, ngoma zikianza, anasogea karibu na wapigaji, anatoa telefone, anachora kwa kidole. Majirani wameanza kusema. Mmoja alimuuliza mama yake: "Ulimpeleka shuleni asome, au umemfundisha kufuata wanamuziki?"

Mama yake alileta maneno hayo kikaoni kwa sababu ya uzito wake. Fedha za likelemba ni jasho letu sote. Na jina la msichana, katika mji mdogo kama wetu, likishachafuka halisafishwi kwa sabuni. Kwa hiyo tuliona afadhali kulizungumza kwa utaratibu, kisha tuwaeleze na ninyi, kwa kuwa wengi mna watoto wenye mapenzi ya namna hiyo.

Tulianza na swali rahisi: kwa nini achore mahali penye muziki? Si angekaa chini ya mwembe, akachora mbuzi na nyumba kwa utulivu? Tulimwita mwenyewe aje kutueleza, na alieleza vizuri.

Alisema mtu aliyeketi kimya kwa ajili ya kuchorwa anakuwa kama mti. Mwili wake haufanyi chochote. Lakini mchoraji wa hadithi anatakiwa kuonyesha watu wanaofanya mambo: mama anayetwanga, mtoto anayekimbia, muganga anayeinama juu ya mgonjwa. Mahali pa kujifunza miili inayofanya kazi ni pale inapofanya kazi. Tena muziki una faida ambayo soko halina, maana katika muziki jambo linarudi. Mkono wa mpiga ngoma ukipanda juu na kushuka, baada ya muda mfupi utapanda tena vilevile. Sokoni mtu akipita amepita. Kwenye ngoma, usipoona bega mara ya kwanza, ungoja, litarudi, nawe unaongeza mstari mwingine. Hivyo anachora mtu mmoja kidogo kidogo, kila wimbo unapozunguka.

Akatueleza pia juu ya rumba. Mwanzo wake ni wa taratibu, mwimbaji anasimama na kueleza maneno yake. Hapo anachora nyuso na mikono. Kisha inafika sebene, magitaa yanakimbia, watu wote wanainuka. Hapo hakuna nafasi ya nyuso. Anatafuta mstari mmoja tu, ule wa mgongo unaoanzia shingoni mpaka kisigino, anaupata au anaukosa, anakwenda kwa mwingine. Alituonyesha kurasa zake. Nyingine zilikuwa mikunjo mitupu, kama uzi uliomwagika. Lakini mwenzetu mmoja alipoangalia vizuri alishangaa: "Huyu si mpiga ngoma wa korali yetu? Ni yeye! Ndivyo anavyoinamisha kichwa!" Na uso haukuchorwa kabisa. Alitambulika kwa shingo yake.

Wamama, hilo lilitufikirisha. Sisi nasi tunatambuana kwa mbali kwa mwendo tu. Mtoto akitokea njiani, kabla hujaona uso, unajua ni wako. Kumbe kuna watu wanaosomea jambo hilo na kulifanya kuwa kazi.

Wengine kati yetu walisema: sawa, lakini je, kuna mtu wa kwetu aliyekwenda mbali kwa njia hii? Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kuweka akiba yetu katika ndoto. Kwa hiyo tunawaletea mifano ya watu wanaojulikana.

Tuanze na Lubumbashi, huko anakosoma. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji katika mji huo, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville. Humo walichora watu kama Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao kazi zao zilifika mpaka Ulaya. Pamoja nao alikuwa mtu anayeitwa Bela. Yeye alijulikana kwa jambo moja: alichora kwa vidole. Alichovya ncha ya kidole katika rangi, akagusa karatasi, tena na tena, mpaka samaki au ndege au watu wakatokea. Basi mtu akicheka kumwona binti anachora kwa kidole juu ya kioo cha telefone, mwambieni kwamba katika nchi yetu mchezo huo ulitambulika kuwa kazi miaka mingi iliyopita.

Katika eneo hilohilo la Katanga kulikuwa na mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulisikika mpaka nchi za mbali. Watu walidhani wanasikia magitaa mawili, kumbe ni moja, linalopigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Tunamtaja kwa sababu ya vidole hivyo viwili. Hakuna aliyewahi kupata ufundi huo kwa usiku mmoja. Vidole hufundishwa kwa kurudia, na mtu anayerudia jambo kila siku, majirani humwona kama hana kazi, mpaka siku kazi inapoonekana.

Mfano wa tatu ndio ulio karibu zaidi na binti wetu, kwa sababu unaunganisha mambo yake yote mawili. Ni Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959. Huyu ni mmoja wa wachoraji wakubwa wa vitabu vya hadithi za picha katika Kongo yetu, na ni mwanamuziki pia, anayepiga gitaa na kuimba. Hakuacha kimoja ili apate kingine. Mwaka 2014 kilitoka kitabu chake "Madame Livingstone", alichokifanya pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi yake inatokea kwenye ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wabelgiji walipotaka kuizamisha meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Wasomaji wa Ulaya wamelijua ziwa letu na vita hivyo kwa mkono wa mtoto wa Kisangani.

Lakini kabla ya kitabu hicho, mwaka 1987, Baruti alikuwa amechora kitabu kingine, juu ya maisha ya Papa Wemba. Mwanamuziki akamchora mwanamuziki. Na hapa, wamama, ndipo tulipotaka kufika.

Papa Wemba mnamjua. Alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, katika Sankuru, jirani zetu wa upande wa magharibi. Lugha yao ya Kitetela na Kikusu chetu ni ndugu. Alikuwa katika Zaïko Langa Langa tangu mwanzo wake, akaanzisha Viva la Musica mwaka 1977, akazunguka dunia, akafa jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiwa anaimba. Desemba 2021 UNESCO iliweka rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, na sauti yake ni sehemu ya urithi huo.

Je, sauti hiyo ilifunzwa wapi? Mama yake Papa Wemba alikuwa mwimbaji wa vilio, mwanamke anayeitwa penye msiba aongoze maombolezo. Alikuwa akienda na mtoto wake. Mtoto aliketi karibu, akasikia jinsi mama anavyovuta sauti, anavyoivunja, anavyowafanya watu wazima walie. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya kuimba.

Fikirini jambo hilo. Mama huyo hakuwa na fedha za kumpeleka mtoto Ulaya. Hakuwa na ala za muziki. Alikuwa na kazi yake mwenyewe, na alimruhusu mtoto akae karibu nayo. Hapa Kibombo tuna vilio, tuna korali, tuna ngoma za harusi na za mapacha, tuna wazee wachache ambao bado wanajua kuzungumza kwa ngoma ya mbao. Muziki wa watu walio mbele yako, si ule wa redio. Watoto wa miji mikubwa wanalipa kuingia katika konseri ili wapate kile ambacho wa kwetu wanakipata kwenye uwanja wa jirani.

Sasa tuje kwenye tabuleti, kwa maana ndiyo yenye bei.

Mzee mmoja, mume wa mwenzetu, alisema: karatasi na kalamu zinatosha, hao wachoraji mliowataja walitumia hivyo. Ni kweli, na binti mwenyewe alikubali kwamba mkono unafundishwa kwanza kwa kalamu ya risasi. Lakini alitueleza kazi ya leo inavyokwenda, nasi tunaileta kwenu kwa maneno rahisi.

Kuchora kwa mashini ni kama kuwa na vioo vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kioo cha kwanza kina mistari ya haraka aliyoichora usiku penye ngoma. Juu yake anaweka kioo cha pili, anachora mistari safi. Kioo cha tatu kina rangi. Kioo cha nne kina maneno. Akitaka anaondoa kimoja bila kuharibu kingine. Hizo wanaziita tabaka. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mchoro mmoja unaweza kuandikwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, kisha Kiswahili kwa ajili yetu, kisha Kikusu kwa ajili ya mabibi wa kijijini, na picha inabaki ileile. Kwenye karatasi angeanza upya mara tatu.

Tena karatasi iliyo Kibombo haiwezi kufika Kindu kwa siku moja. Treni tunaijua. Faili ya picha inakwenda kwa telefone, mteja anaiona jioni hiyohiyo, anasema "ongeza hapa, punguza pale", na kazi inasahihishwa bila kusafiri.

Programu zenyewe si lazima zinunuliwe. Kuna ibisPaint, inayofanya kazi hata kwenye telefone ya kawaida na mtu anaweza kuanza bila kulipa. Kuna Krita kwa wenye ordinateri, nayo ni ya bure. Ndiyo maana huyu binti ameweza kufika hapa alipo na telefone yenye kioo kilichopasuka. Lakini telefone ndogo ina mwisho wake. Kidole ni kinene, kinafunika mahali kinapochora. Na picha kubwa inailemea: bango la ukubwa wa A4 la kuchapwa vizuri linahitaji nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Ukiongeza tabaka kumi juu yake, telefone inaganda, na wakati mwingine inapoteza kazi ya siku nzima. Tabuleti yenye kalamu yake inaondoa shida hiyo. Tena usiku kioo chake kina mwanga wake chenyewe, kwa hiyo anachora gizani bila taa. Tulimwagiza apunguze mwanga huo, usiwasumbue walioketi nyuma.

Mwenzetu mwingine aliuliza swali kali: "Mashini ya kushona naiona. Mtu analeta kikwembe, unashona, unapewa franga. Picha nani ananunua hapa?"

Tulitazamana. Kisha mhudumu mmoja wa afya aliyekuwa pamoja nasi akasimama na kuchukua karatasi za picha tunazotumia kufundishia katika vikundi. Mnazijua: zile za kuonyesha jinsi ya kuchemsha maji, kunawa mikono, kulala ndani ya chandarua, kwenda kupimwa mimba mapema. Zimetoka mbali. Mama aliyechorwa humo amevaa tofauti nasi, nyumba yake si ya kwetu, chungu chake si cha kwetu. Wenzetu wasiojua kusoma wanategemea picha hizo tu. Na kila mara tunapofundisha tunapoteza muda kueleza picha yenyewe kabla ya kufika kwenye ujumbe. Bibi mmoja aliwahi kuuliza kama chandarua kile ni cha kuvulia samaki.

Binti akaomba karatasi mojawapo. Baada ya siku tatu alirudi na mchoro wake kwenye telefone. Mama yuko chini ya paa la majani, mtoto mgongoni, kikwembe kimefungwa kama tunavyofunga sisi. Sufuria iko juu ya mawe matatu, maji yanatokota. Pembeni kuna mtoto mkubwa na kikombe, anataka kuchota kabla maji hayajapoa, na mkono wa mama umenyooka kumzuia. Tulipoipitisha kutoka mkono hadi mkono, hakuna aliyeuliza ni nini. Mama mmoja asiyesoma alisema mara moja: "Anamwambia ngoja." Ule mkono ulionyooka, binti alitueleza, aliupata kutoka kwa kiongozi wa korali, anapowazuia waimbaji wasiingie kabla ya wakati.

Hapo tuliona kwamba kwenda penye muziki na kuchora kwa ajili ya akina mama ni kazi moja.

Basi, kikao kilikata hivi. Fedha za zamu ni za mama yake, na likelemba haina sheria ya kumwambia mtu anunue nini. Mashini ya kushona anaitaka bado, kwa kuwa nyumba ina watoto wengine wanne. Kwa hiyo mama atanunua mashini yake kama alivyopanga. Tabuleti itanunuliwa kwa mkopo kutoka kisanduku chetu cha akiba, kwa jina la mama, kwa masharti yaleyale ya mikopo ya biashara, irudishwe kwa miezi 6. Binti atachora picha 12 za mafunzo kwa ajili ya vikundi vyetu, nasi tutamlipa. Malipo hayo yatalipa sehemu ya mkopo, na sehemu nyingine ataitafuta kwa kazi za watu wengine. Haikuwa zawadi, na wote tulitaka hivyo, yeye wa kwanza. Mtu anayepewa zawadi huombwa picha za bure maisha yake yote.

Juu ya jambo hilo la bure tunataka kusema kidogo, maana linawagusa wengi wenye watoto mafundi. Mtu akienda kwa mshonaji haulizi kama uzi ni bure. Lakini akifika kwa mchoraji anasema, "Ni telefone tu, nichoree haraka." Kuchaji kunalipiwa. Mega zinalipiwa. Miaka ya kufundisha vidole nayo ina gharama. Kwa hiyo tulimshauri binti afanye kama wafanyabiashara wengine: bei isemwe kabla ya kazi, nusu ilipwe mwanzoni, na idadi ya masahihisho ijulikane. Tena kila kazi iwekwe mahali pawili, kwenye tabuleti na kwenye flashi inayokaa kwa mama. Telefone huibwa, mvua hunyesha, lakini kazi ya mteja isipotee.

Na juu ya usiku, hatukulipita. Sisi ni wazazi. Kuna maneno ya watu, na kuna hatari ya kweli, na vitu hivyo viwili havifanani. Maneno ya watu tumeamua kuyajibu kwa kazi. Hatari tumeiwekea utaratibu. Binti haendi kwenye orkestra peke yake. Anakwenda na dada yake mkubwa au na mmoja wetu. Anakaa mbele au ubavuni mwa wapigaji, mahali penye mwanga na watu. Anasema saa ya kurudi, na mtu anamngoja. Tabuleti inakaa ndani ya mfuko wa kikwembe wa kawaida, usioonyesha kilichomo. Mwanamuziki akitaka kuchorwa au kuleta kazi, mazungumzo yanafanyika mchana, nyumbani, mbele ya mama.

Kwenye kilio kuna sharti lingine, ambalo wazee wametuomba na sisi tumeliunga mkono: kabla ya kuchora, aombe ruhusa kwa wenye msiba. Ngoma na mikono ya wapigaji, sawa. Uso wa mama anayemlilia mtoto wake si wa kuchorwa wala wa kutumwa kwenye telefone za watu. Binti alisikiliza, akasema hata yeye hukaa na mstari wa mgongo tu mahali kama hapo. Tulifurahi kusikia hivyo kutoka kinywani mwake.

Wamama wapenzi, mifano tuliyowaletea haisemi kwamba kila mtoto anayependa muziki atakuwa Papa Wemba, wala kila anayechora atakuwa Baruti. Mtoto wa mwalimu si lazima awe waziri, na bado tunampeleka shuleni. Tunachotaka mkione ni hiki: mapenzi ya mtoto yana dalili zake. Anayecheza tu huchoka akiona kazi. Anayejifunza hurudia jambo lilelile bila kutumwa, huonyesha lililoharibika pamoja na lililofaulu, na ukimpa kazi yenye tarehe, huileta. Mtazameni wa kwenu kwa dalili hizo kabla ya kumsifu na kabla ya kumfukuza. Mpeni kazi ndogo ya kweli, yenye bei ndogo na siku ya kumaliza. Mtajua.

Na kama mnaye mtoto anayeketi karibu mnapoimba, mnaposuka, mnapofuma mikeka, msimwondoe upesi. Huenda kazi yake imeanza.

Sasa tuna ombi. Picha 12 zinahitaji maneno, na maneno yatoke kwetu. Kila kikundi kichague jambo moja ambalo wamama wa huko wanalipata kwa shida kuelewa, kama vile chanjo, uzazi, usafi wa kisima, au kuhifadhi mbegu za mpunga. Andikeni sentensi mbili fupi kwa Kiswahili, na nyingine kwa lugha ya nyumbani, mzilete kwenye kikao cha Alhamisi ijayo. Asiyejua kuandika aje aseme kwa mdomo, katibu ataandika. Kama kuna mama anayekubali kuchorwa akiwa kazini kwake, atwange, afue au apepete mchele, ajiandikishe. Binti atakuja na tabuleti yake, na korali imekubali kuja kuimba wakati anachora.